Bwana Huenda na Paa la Mama

4 Septemba

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta na afya na tumbo lililoshiba, maana najua ukiwa na kazi hukumbuki kula. Sisi huku hatujambo. Cherehani nzima, mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Mwalimu mkuu wa hapa karibu ameamka na rangi mpya ya sare, basi sebule yote imekuwa ya kijani, hata kwenye chai naokota nyuzi. Mama anakusalimu. Anakula kidogo, analala sana, na redio yake bado haiguswi na mtu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu tunazo. Nimekupigia mara ngapi, na kila nikifika kwenye swali mtandao unakatika? Ajabu ya mtandao huo, kwenye salamu haukatiki. Barua haina mtandao. Nitakuwa naikabidhi kwenye ofisi ya vifurushi pale stendi ya mabasi, nawe fanya hivyo hivyo.

Sasa sikiliza. Paa la Mama limekwisha. Si la nyumba nzima, ni la chumba chake, lile bati la zamani lililowekwa na marehemu Baba. Mvua zilizopita nililala na ndoo tatu chumbani mle, naamka kuzimwaga kama mtu anayenyonyesha mapacha. Mabati mapya yamekwisha fika, yamesimama ukutani nyuma ya nyumba. Fundi nimempata, yule tunayemwita Kobe. Unamjua mwendo wake, lakini akipiga msumari umepigwa. Anasema kuezua mbao zilizooza na kuezeka upya kutamchukua siku kadhaa, na siku hizo zote chumba kitakuwa wazi kabisa.

Kwa hiyo nina maswali mawili tu. La kwanza, ni wiki gani katika majira haya ya joto haitanyesha? Wewe ndiye unayekaa kwenye ofisi ya hali ya hewa, sina mwingine wa kumuuliza. La pili, unakuja lini? Mama amesema hatoki kitandani pale kwa kubebwa na mtu yeyote isipokuwa mwanawe. Nimembembeleza, nimemnunia, hataki.

Nijibu upesi.

Dada yako

*

19 Septemba

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Hizi ndizo wiki tunazoandaa mwelekeo wa msimu, na ofisini hapakaliki. Tumebanana sita kwenye chumba kimoja chenye feni moja, na dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo mtu anayeandika habari za mawingu haoni wingu mpaka aende chooni. Afya ninayo. Pole na mgongo. Weka mto kwenye kiti, nilikwambia tangu mwaka jana.

Kuhusu swali lako. Mwelekeo tuliotoa ni kwamba majira haya ya joto yatakuwa na joto la juu ya wastani katika maeneo mengi, na mvua zinatarajiwa kuwa chini ya wastani. Hata hivyo, vipindi vya mvua za ngurumo vinaweza kujitokeza katika maeneo machache.

Najua utauliza inakuwaje mvua iwe chache na ngurumo ziwepo. Ni hivi. Jua likiichoma ardhi tangu asubuhi, ardhi nayo huipasha moto hewa iliyo juu yake. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikiwa imebeba mvuke, kadiri inavyopanda inapoa, na mvuke unageuka matone madogo sana. Hilo ndilo wingu. Ukifunua sufuria inayochemka utaona matone upande wa ndani wa kifuniko, ni jambo hilo hilo. Wingu likizidi kurefuka linafika kwenye baridi kali huko juu, barafu na maji vinagongana ndani yake, umeme unajikusanya, radi zinapiga. Matone yakizidi uzito yanashuka, yakisukuma mbele yake ule upepo wa baridi unaobamiza milango kabla ya mvua. Mara nyingine barafu yenyewe inafika chini, ndiyo mvua ya mawe. Mvua ya namna hii inaweza kuulowesha mtaa mmoja na kuuacha wa pili na vumbi lake. Ndiyo maana si rahisi kusema wiki hii au ile.

Msalimie Mama. Mwambie taarifa ya jioni bado naiandika mimi, mtangazaji anasoma tu.

Mdogo wako

*

2 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu. Huku joto limeanza kazi. Chuma cha pasi na kiti cha cherehani sasa ni mamoja. Shangazi alipita kutusalimu, akakaa muda mfupi, akaondoka akisema nyumba yetu ni tanuri. Sare zimekwisha, nimeanza mapazia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya tatu nikamsomea Kobe, kwa sababu nilidhani labda mimi ndiye nisiyeelewa. Kobe alisikiliza mpaka mwisho, akasema mdogo wako ameeleza vizuri sana, sasa paa tunaezua lini? Nimekuuliza mvua itanyesha au haitanyesha, wewe umenielezea wingu tangu mimba hadi mazishi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na walikuwa hawana mitambo. Ninyi mna mitambo, mnasema huenda.

Ulipokuwa mdogo hukuwa hivi. Ulikuwa unasimama mlangoni na bukta yako iliyochanika, unanusa upepo, unasema, "Mama, anua nguo." Na Mama anaanua. Hakukuuliza asilimia. Wakati mwingine hainyeshi, anazianika tena, maisha yanaendelea. Sijui huko shuleni walikupa nini ukageuka Bwana Huenda. Jina hilo nimekupa mimi, na Kobe ameshalishika.

Mama ni mzima, isipokuwa anachanganya vitu kidogo. Taarifa yako ya hali ya hewa haikosi. Ikianza tu, ananyoosha mkono tunyamaze, hata mkasi wangu unatakiwa unyamaze.

Swali la pili hukuligusa. Nilidhani karatasi iliisha, nikageuza nyuma, nikakuta nafasi tele. Unakuja lini?

Dada yako

*

20 Oktoba

Dada, shikamoo.

Natumaini mgongo umepata nafuu na mapazia yanaenda vizuri. Msalimie Shangazi. Mimi mzima, nimekonda kidogo kwa joto, kama wote.

Usinielewe vibaya. Si kwamba sitaki kusema. Mkuu wetu wa utabiri ana kalamu nyekundu, na kazi ya kalamu hiyo ni kukata neno "itanyesha" popote linapotokea na kuandika juu yake "inatarajiwa". Mwanzoni nilikuwa nabishana naye. Siku hizi nakata mwenyewe kabla hajafika. Watu wanavuna, wanafanya harusi, wanasafiri kwa maneno yetu, na sisi hatuna mamlaka juu ya anga. Tunachoweza kusema kwa uaminifu ni kiasi gani tunadhani. Wewe unaita kuzungusha. Mimi naona ni kutodanganya.

Ukinibana, nasema wiki ya kwanza ya Novemba ina nafasi nzuri kuliko nyingine. Nafasi nzuri, Dada, si ahadi.

Jambo jingine. Uliniambia bati linadondosha. Inawezekana baadhi ya matone si ya mvua. Usiku usipokuwa na mawingu, bati hupoteza joto haraka kuliko hewa. Asubuhi linakuwa baridi, na mvuke wa ndani ya chumba, hata pumzi zenu, ukiligusa unageuka maji. Ni ndugu yake umande. Kwa hiyo msiwe na haraka ya kudhani kila tone ni tundu. Na mchana, chini ya bati hilo hilo, joto linaweza kumdhuru mtu mzima kabla hajasema ana kiu. Mpe Mama maji mara kwa mara hata akikataa, na mfungulie dirisha upande wenye kivuli.

Kuhusu kuja, kazi zimebana kwelikweli. Huu ndio msimu. Nilifikiri labda vijana wa jirani, wale wapasua mbao, wangeweza kumbeba Mama kwa uangalifu, akalala kwenye chumba chako siku hizo chache. Ni vijana wenye nguvu na adabu.

Mdogo wako

*

28 Oktoba

Mdogo wangu,

Leo salamu ni fupi. Tupo.

Tundu lipo. Nimesimama juu ya stuli nikapitisha kidole, nikaona jua. Umande wako hautoboi bati.

Vijana wa jirani. Nimeyasoma maneno hayo nikaweka mkasi chini, nisije nikaharibu kitambaa cha mtu. Mama yako abebwe na wapasua mbao, wakati mtoto wa kiume aliyemzaa yuko anaandika habari za umande.

Sasa nitalisema, maana naona tutazunguka mpaka tuzeeke. Unadhani sijui kwa nini huji? Mara ya mwisho ulipofika uliketi kwenye ukingo wa kitanda chake, ukamshika mkono, na yeye akakutazama kwa adabu zote akakuuliza, "Baba, wewe ni mgeni wa nani?" Nilikuwa mlangoni na kikombe chako cha chai. Nilisikia. Kesho yake asubuhi ukasema umeitwa kazini, ukaondoka kabla sijawasha jiko.

Wewe uliulizwa mara moja ukakimbia. Mimi ananiita fundi. Anaona cherehani, anaona nyuzi, anadhani nimekuja kumshonea. Kila siku ananiuliza, "Fundi, gauni langu bado?" Nami naitika, nasema bado kidogo, Mama. Namwogesha, namgeuza, namlisha, na jioni ananishukuru kwa heshima ile mtu anayompa mtu baki. Sikukwambia kwa sababu nilijua utapata sababu nyingine ya kutokuja. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka hasira yenyewe imechoka.

Na bado anamtaka mwanawe ndiye ambebe. Sura yako haijui, lakini kwamba ana mwana anajua. Hilo nalo nielezee linavyotokea, wewe uliyesoma.

Nimekubaliana na Kobe. Jumanne tarehe 5 asubuhi tunaezua. Wewe mwenyewe ulisema wiki ya kwanza. Mama atabaki kitandani pake, nitafunga turubai juu yake kwa kamba nne, na Mungu ni mkubwa. Usipige simu, nimeizima na kuitia kabatini. Barua ukiandika haitafika kwa wakati. Ngoja ngoja yako imeniumiza tumbo, nami sasa sitaki utabiri wa mtu.

Dada yako

*

6 Novemba

Dada, shikamoo.

Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na kazi, kama kawaida yangu.

Barua yako ilinifikia Jumamosi. Nilikupigia siku ile, nikapiga Jumapili, nikampigia Shangazi akasema amesafiri kwenda kuhani msiba. Jumatatu asubuhi nikakaa mbele ya picha za anga, nikaona unyevu umeanza kusogea kuelekea kwenu, wakati ardhi ya huko imechomwa wiki nzima. Ni ile sufuria niliyokuandikia. Nilijua Jumanne mchana mawingu yatasimama. Nilijua pia kwamba wewe utakuwa umeshafunua chumba, na Mama amelala chini ya turubai. Turubai, Dada, mbele ya upepo unaotangulia radi, ni leso.

Taarifa ya jioni ilikuwa imeshapita kwa Mkuu, ina wekundu wake wote. Inasema vipindi vya ngurumo vinatarajiwa katika maeneo machache. Niliitazama nikaona haikusemi wewe. Basi nikaongeza mstari chini yake, na mtangazaji, ambaye husoma chochote tunachompelekea, akausoma. Hivyo nchi nzima imesikia nikiwaambia: "Kesho alasiri mvua itanyesha. Aliyeanika nguo aanue, na aliyetaka kuezua paa asiezue."

Jana niliitwa ofisini kwa Mkuu. Aliniuliza ni kipimo gani kilichosema asiezue. Sikuwa na kipimo. Ameniondoa kwenye kuandika taarifa mpaka hapo atakapotafakari, na kwa sasa nahesabiwa niko likizo. Ninaandika haya nyumbani, na dirisha hili angalau linaona anga.

Sijui kilichotokea kwenu. Kipimamvua chetu cha karibu kiko mbali na mtaa wetu, na namba zake hazinielezi kitanda cha Mama. Nimekaa hapa nikiona chumba kile wazi. Niambie kama ulisikia. Niambie kama ameloa. Nikanye utakavyo baadaye, lakini hilo nijibu kwanza.

Mdogo wako

*

12 Novemba

Mdogo wangu,

Hajaloa. Nimelitanguliza hilo, salamu zitafuata.

Sisi hatujambo. Mgongo ule ule. Mapazia nimeyapeleka.

Mimi redio sikuisikiliza Jumatatu. Nilikuwa nje nafunga ncha za kamba. Nilisikia Mama ananiita, na sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo sijaisikia tangu mwaka jana. Nikakimbia nikidhani ameanguka. Nikamkuta ameinuka kwa kiwiko, amenyoosha kidole kwenye redio. Akasema, "Umemsikia? Anasema tuanue nguo. Huyo ni mwanangu."

Nikamwambia huyo ni mtangazaji, Mama. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. Akasema mtangazaji hana habari na nguo zake, mwenye habari na nguo zake ni mwanawe.

Asubuhi Kobe akaja na ngazi, kwa mara ya kwanza maishani mwake amewahi. Anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nikamwambia apande. Mama kusikia ngazi inagusa ukuta, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia kwamba mwanawe amesema paa lisiezuliwe, na atakayeligusa atamkuta yeye. Kobe akaniangalia, mimi nikamwangalia. Nilibishana na Mama, sitakuficha, nilimpandishia sauti mpaka nikaona aibu. Hakusogea. Kobe akashusha ngazi, akabeba nyundo zake.

Basi nikaketi barazani kuisubiri mvua yako. Mchana joto likakaba. Kisulisuli kikapita barabarani na mifuko ya watu. Kisha upande wa sokoni kukawa kweusi, radi zikaanza, ule upepo wako wa kubamiza milango ukaja ukabamiza. Nikasema haya, Bwana Huenda kapata. Nikaanua nguo. Nikaweka ndoo.

Halikudondoka hata tone moja. Sokoni mawe yalianguka yakavunja vibanda na vioo vya magari, kutoka hapa ningeweza kutembea nikafika kabla chai haijapoa. Kwetu vumbi. Jioni Kobe alipita, akasema amepata kazi kubwa huko huko sokoni ya kurudisha mapaa yaliyong'oka, na kwangu atarudi mvua zikiisha. Kwa hiyo nchi nzima umeionya, kazi umeiweka rehani, fundi umenifukuzia, na tundu la bati la Mama liko pale pale nalitazama. Ningekuwa na mkono mrefu ningekuzaba kofi na kukukumbatia kwa mkono huo huo.

Maana kuna jambo moja. Jumanne ile jioni, nilipokuwa namlisha, aliusukuma mkono wangu taratibu. Akanitazama, si kama fundi. Akasema, "Mwandikie mdogo wako aje. Paa hili limechoka."

Mdogo wako. Nimelirudia neno hilo kichwani tangu siku ile. Ikiwa wewe ni mdogo wangu, basi mimi nilikuwa nani kwake dakika ile? Niliweka kijiko chini nikatoka nje nikalia kwenye mabati mapya.

Kesho yake aliniuliza kama gauni lake bado. Nikamwambia bado kidogo.

Simu nimeiwasha, lakini swali la pili nalitaka kwa karatasi.

Dada yako

*

19 Novemba

Dada, shikamoo.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kobe tusimsubiri, kidogo kidogo wewe na mimi tutaliziba.

Akiniuliza tena mimi ni mgeni wa nani, nitamwambia ni wake. Siku ya tatu nipeni nyundo.

Mdogo wako